Naomba Uiwashe

Siku hizi watu wa Ifakara wakimtaja Klementina husema yule dada mbishi. Wanaomjua tangu zamani hushangaa kidogo, maana miaka yote aliyofanya kazi kwa Dokta Egidius hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Mwenyewe akiulizwa lini alibadilika, anasema hakubadilika. Anasema ni kwamba hakuwahi kuombwa jambo ambalo hakuweza kulimeza, mpaka alipoombwa.

Alizaliwa Kivukoni, wakati magari bado yanavushwa kwa pantoni na baba yake akiishi kwa nyavu na mtumbwi. Alisoma sekondari ya kata iliyopata mwalimu wa fizikia kwa muhula mmoja tu. Mwalimu akahama, na mwingine hakuja. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Biolojia alikuwa amefaulu vizuri, Kemia ameponea chupuchupu, na Fizikia ana F. Hakulia, kwa sababu karibu darasa zima lilikuwa na F hiyohiyo. Akasomea uhudumu wa afya, kozi ya mwaka mmoja. Akazaa mtoto wa kike, Nelly, na kijana aliyekuwa akikata miwa kule Kidatu, na kijana alipohamia mashamba mengine bila kuaga, Klementina akarudi kwa mama yake, Mariana, akatafuta kazi mjini.

Kazi aliipata kwenye kliniki ya Dokta Egidius. Huyu alikuwa tabibu aliyestaafu serikalini, mzee mcheshi aliyekumbuka majina ya watoto wa wagonjwa wake wote. Kliniki ilikuwa ndogo na safi, na watu waliipenda. Aliponunua mashine ya utrasaundi, wajawazito wakaanza kumiminika, kutoka Mang'ula, kutoka Mlimba, kutoka ng'ambo ya mto upande wa Lupiro. Mashine ilishikwa na Hilary, kijana mtanashati aliyepelekwa Morogoro kwa wiki chache akarudi na cheti chenye muhuri wa dhahabu.

Klementina alikuwa anampandisha mama kitandani, anampaka ile jeli ya baridi tumboni, na baadaye anamfuta. Katikati ya hapo alisimama nyuma ya Hilary akitazama kioo. Kwa muda mrefu hakuona kitu ila ukungu wa kijivu unaotembea. Kisha siku moja Hilary akamwonyesha kwa kidole kitu kidogo kinachofumba na kufumbua, akamwambia huo ni moyo wa mtoto. Klementina alirudi nyumbani na moyo ule kichwani. Alikuwa hajawahi kupenda kazi ya mtu mwingine kiasi kile. Alipokuwa anapika, anaosha vyombo, anamsuka Nelly, alijiuliza inakuwaje sauti iingie tumboni itoke na picha.

Mwanzoni mwa masika alikuja mwanamke mmoja Msukuma, Nyamizi, na mumewe Masanja. Walikuwa wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao miaka kadhaa nyuma, wakakaa ng'ambo ya mto. Nyamizi alikuwa na mimba kubwa na alisema anatokwa na damu kidogo, haina maumivu, inakuja na kwenda. Hilary akapitisha kifaa tumboni, akasema mtoto ni wa kiume, moyo unapiga vizuri, maji yanatosha; mama aende nyumbani akapumzike. Klementina akamfuta jeli, akamsaidia kufunga khanga, akampa hongera ya mtoto wa kiume. Masanja alicheka kwa furaha hadi mlangoni.

Wiki kadhaa baadaye damu ilitoka kama maji ya bomba. Masanja alimpakia mkewe kwenye lori la mpunga, wakavuka daraja, akamfikisha hospitali kubwa. Alipasuliwa haraka. Nyamizi alipona. Mtoto hakupona. Madaktari walimweleza Masanja kwamba kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini na kufunika njia ya mtoto, na kwamba kwa mimba ya umri ule, mtu aliyefundishwa sawasawa angeliona kwenye kipimo na kumpeleka hospitali mapema.

Habari zilifika kliniki kabla ya Masanja. Asubuhi Dokta Egidius alimwita Klementina chumbani kwake, akafunga mlango. Alisema mume wa yule mama anakuja, na kwamba mambo kama haya yakikuzwa yanafunga kliniki na kuwaacha watu wengi bila huduma na wafanyakazi bila kazi. Kwa hiyo yeye atasema mgonjwa alishauriwa aende hospitali akakataa, na Klementina, aliyekuwepo, ataitikia.

"Wafugaji wanajulikana," alisema. "Hospitali hawaipendi. Hakuna atakayeshangaa."

Klementina hakujibu. Dokta alichukua ule ukimya kuwa ndiyo, kwa kuwa siku zote ukimya wake ulikuwa ndiyo.

Masanja alikuja na kaka yake. Walikaa kwenye benchi, kofia mikononi. Dokta alizungumza kwa upole, akatoa pole, akaeleza habari ya ushauri uliotolewa na kukataliwa, kisha akageuka. "Si ndivyo, Klementina?"

"Hapana, Dokta," alisema Klementina. "Hakuna aliyemwambia aende hospitali. Nilikuwa nimesimama pale. Aliambiwa akapumzike, na mimi nikampa hongera."

Hilary, aliyekuwa mlangoni, aliondoka na hakuonekana tena kazini, siku ile wala iliyofuata. Masanja akasimama.

"Asante, dada," alisema. "Nilitaka mmoja wenu aseme." Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa mganga mkuu wa wilaya.

Jioni hiyo Klementina alipitia hospitali. Nyamizi alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Klementina alisimama miguuni pa kitanda, akasema pole. Kisha Nyamizi akauliza bila kugeuka, "Wewe, kile kioo unajua kukisoma?"

"Sijui."

"Na yule kijana naye hakujua. Ila wewe umesema." Klementina hakujua kama amesamehewa au amefukuzwa. Alikwenda nyumbani kwa miguu.

Alitegemea kuachishwa kazi. Alikuwa ameshafua koti lake la kazi na kulikunja ili alirudishe likiwa safi. Badala yake, baada ya siku chache, Dokta Egidius alimwita tena, safari hii kwa chai. Alisema hana kinyongo. Alisema Hilary amekimbia, mashine imelala, akina mama wanarudi bila kupimwa. Na alikuwa amefikiri: kwa nini asiende Klementina? Wagonjwa wanampenda, na sasa mji mzima unajua kwamba hasemi uongo. Dokta angemlipia kila kitu. Wiki chache Morogoro, anarudi na cheti, anakaa kwenye kile kiti, mshahara wa Hilary unakuwa wake.

Klementina alikubali kwa furaha isiyofichika. Hilo halifichwi katika habari hii. Alikuwa ameitaka ile kazi kwa miaka, na alipopewa aliipokea kwa mikono miwili. Nyumbani mama yake alitoa machozi. Mjomba wake Agapiti, ambaye ndiye aliyesimamia mambo ya familia tangu baba yake Klementina afariki, alikuja na jogoo.

Usiku ule usingizi ulikataa. Alikuwa amekumbuka kwamba ile kozi ndiyo ileile ya Hilary. Hapakuwa na nyingine iliyotajwa. Asubuhi alimwomba Dokta ruhusa ya kwenda kwanza kukiona chuo, kabla ya kujiandikisha. Dokta alicheka, akasema mtu anaponunuliwa nguo haendi kukagua cherehani, lakini nauli akampa.

Chuo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, vyumba vitatu vilivyopakwa rangi ya bluu. Mkuu wa chuo, bwana aliyevaa tai, alimkaribisha vizuri. Alimwonyesha picha za wahitimu ukutani, wote wamevaa majoho. Alimweleza kwamba dunia ya leo haina muda wa kupoteza na kwamba wahitimu wake wako kila mkoa. Kwenye korido walikuwa wameketi wasichana wanane au tisa na vijana wawili, wote wamekuja kujiandikisha, wengine na wazazi wao.

Klementina aliomba aone mashine. Akapelekwa chumba cha mwisho. Ilikuwa pale, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa kama redio ya zamani sebuleni. Bwana yule alikifunua kitambaa kwa madaha.

"Naomba uiwashe," alisema Klementina.

Bwana alisema fundi wake amesafiri. Klementina alisema hahitaji fundi, anaijua swichi, ni ileile ya kazini kwao. Bwana alisema kuna tatizo la umeme. Taa ya chumba ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyao, na Klementina aliitazama, naye akaitazama. Bwana akasema mashine zina utaratibu wake, haziwashwi ovyo, na kwamba wanafunzi wataiona ikiwaka wakishalipa ada.

"Nimetoka mbali," alisema Klementina, na sauti yake, kwa mara ya kwanza maishani, ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Iwashe tu, nione. Ikiwaka najiandikisha leo."

Wale wa korido walikuwa wameanza kusogea mlangoni. Baba mmoja mwenye koti alimuuliza bwana mwenye tai kwa heshima, kwani ina nini, si aiwashe tu binti wa watu aone. Msichana mwingine akauliza je, huwa wanaletwa wajawazito wa kufanyia mazoezi? Mwingine akauliza kama cheti kinatambuliwa na baraza la wataalamu wa radiolojia. Bwana alianza kujibu la kwanza, akarukia la tatu, akasema suala la baraza liko mezani linashughulikiwa. Klementina aliinama mwenyewe kufuata waya. Ulikuwa umekatwa, na ncha yake imefungwa kwa gundi ya karatasi.

Aliushika juu ili wote wauone. Yule baba mwenye koti alimshika binti yake mkono, wakashuka ngazi, na nyuma yao wakafuata wengine, si wote. Wawili walibaki, na Klementina alipowasihi waondoke, mmoja alimjibu kwamba yeye shida yake ni cheti, mashine ataijulia mbele ya safari. Jibu lile lilimuuma kuliko waya.

Aliporudi Ifakara alikwenda kumwambia Dokta Egidius kwamba hatakwenda kwenye ile kozi. Alimsimulia habari ya waya. Dokta hakushangaa, na hapo ndipo Klementina alipoelewa kwamba alikuwa akijua, labda si habari ya waya, lakini aina ya mahali penyewe.

"Utajifunzia hapa hapa," Dokta alisema. "Kila mtu amejifunza kazi kwa kuifanya."

"Juu ya matumbo ya nani?"

Dokta aliweka kikombe chini. Alimwuliza yeye ni nani hata achague, mhudumu tu, na F yake ya Fizikia. Wenzake wangepiga magoti. Klementina alisema sawa, na wamwite mwenzake atakayepiga magoti. Akaweka koti la kazi juu ya meza. Alisema shikamoo ya kuagia, kwa sababu alilelewa hivyo, na Dokta hakuitikia marahaba.

Kesho yake alikwenda kusimama kwenye dirisha la idara ya picha ya hospitali kubwa mpaka mtaalamu mmoja, Venance, akamaliza foleni na kumsikiliza. Venance alimweleza bila kumzungusha. Kuna stashahada ya miaka mitatu: unasoma eksirei na utrasaundi, unafanya mazoezi wodini, ukimaliza unasajiliwa na baraza, na usipokuwa na usajili huna ruhusa ya kushika mgonjwa. Akitaka kubobea kwenye utrasaundi peke yake, ataongeza masomo baadaye. Asiingie chuo chochote kabla ya kuhakikisha kimesajiliwa. Klementina aliuliza ni vyuo vipi vilivyo vizuri. Venance akamtajia viwili.

Kimoja kilikuwa karibu, siku moja ya basi kwenda na kurudi, kipya, kina madarasa ya vioo. Cha pili kilikuwa mbali, Nyanda za Juu Kusini, kwenye baridi, majengo ya zamani yaliyoungana na hospitali. Klementina alivipigia simu vyote viwili, na kila kimoja akakiuliza swali moja: mwanafunzi anaanza lini kugusa mgonjwa? Cha karibu walimjibu kwamba wana maabara ya kisasa kabisa na mikataba na hospitali iko mbioni. Cha mbali simu ilipokelewa na mama mwenye sauti ya mafua, akasema, "Mwaka wa kwanza. Na utachoka, ujiandae."

Akakichagua hicho. Mama mwenye mafua akamuuliza ufaulu wake. Biolojia sawa. Kemia sawa. Fizikia? Klementina akataja. Upande wa pili ukasema pole, bila Fizikia haiwezekani, hiyo si ya kujadili. Klementina aliuliza akiifaulu je. Mama akasema akiifaulu apige tena.

Mjomba Agapiti aliitisha kikao cha familia. Alikuwa na hasira ya mtu aliyekwisha kula jogoo wa sherehe. Aliyaeleza yote kama yalivyo, wala hakudanganya popote: mpwa wake amemwaibisha mwajiri wake, amepewa nafasi ya dhahabu akaitema, ameacha kazi, na sasa, mwanamke mzima mwenye mtoto, anataka kurudi kukaa na watoto wa sare asome Fizikia, ili akifaulu, kama atafaulu, aende miaka mitatu mbali. Nelly atalelewa na nani? Lile shamba la mpunga la bondeni, ambalo angelikodisha kusaidia ukoo, libaki la nani? Na akifeli tena?

"Nikifeli nitarudia," alisema Klementina.

"Na ukifeli tena?"

"Mjomba, nitarudia mpaka wachoke kusahihisha. Lakini kile kiti cha Hilary sikai."

Mjomba alimgeukia dada yake, akitegemea amkemee binti yake. Mariana alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliendelea kuchambua kwa muda, akatoa jiwe moja, akalitupa uani. Alisema kwamba yeye alizaa watoto watano, na wawili hawakufika kubatizwa, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwa nini. Shamba ni la marehemu mume wake. Klementina atalilima mwaka huu, na akipata chuo, yeye mwenyewe atalilima kwa ajili yake, na Nelly atakuwa na bibi yake. Mjomba alisema basi wasimwite mambo yakiharibika. Mariana akamjibu kwa utulivu kwamba hawatamwita.

Mwalimu wa Fizikia aliyekuwa akisifiwa wakati huo alikuwa mwanamke, Gladness, kwenye sekondari moja ya kata pembeni ya mji. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, asiye na maneno mengi. Klementina alimwomba amfundishe jioni. Gladness alisema jioni ana watoto wake mwenyewe. Kama anataka, mkuu wa shule akiruhusu, aje akae nyuma ya darasa la kidato cha tatu, asubuhi, kama wengine.

"Lakini sina kiti cha wageni," alimwonya. "Nitakuuliza mbele ya watoto. Ukikosa nitakusimamisha kama wao."

Mkuu wa shule aliruhusu. Klementina aliamka na giza kwenda shambani, akarudi, akaoga, akavaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe ili asionekane sana, na bado alionekana. Watoto walimwita Mama Fizikia. Siku ya kwanza aliyosimamishwa, aliulizwa msongo ni nini, akajibu ni mawazo mengi, na darasa likaanguka kwa kicheko mpaka mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Gladness hakucheka wala hakumwokoa. Alimwacha asimame mpaka mwisho wa kipindi. Klementina alisimama. Kesho yake alikuja tena, akakaa palepale, na Gladness alipouliza nani anakumbuka msongo ni nini, mkono wake ndio uliokuwa wa kwanza juu, na jibu lilikuwa kani gawanya kwa eneo.

Miezi ile ilikuwa migumu, na yeye hajawahi kuisimulia kama kitu kitamu. Mvua ilimlowesha, ndege waliingia kwenye mpunga siku alizokuwa darasani, na wanawake waliokuwa wakimjua kliniki walimuuliza njiani, kwa huruma iliyokuwa na dharau kidogo, kama bado hajapata kazi. Msichana mwingine alikuwa ameshapelekwa Morogoro na kurudi. Mashine ya Dokta Egidius ilikuwa inafanya kazi tena. Klementina alipolisikia hilo alikwenda mwenyewe kwa mganga mkuu wa wilaya, ambako malalamiko ya Masanja yalikuwa bado yamelala, akaeleza aliyoyaona kwenye chumba kile na aliyoyaona Morogoro. Aliambiwa litafanyiwa kazi. Akarudi wiki iliyofuata kuuliza kama limefanyiwa. Akarudi na iliyofuata. Karani alianza kumkwepa kwa kupitia mlango wa nyuma, naye akaanza kumsubiri mlango wa nyuma.

Mada ya mawimbi ndiyo iliyomfungulia mlango. Gladness aliwatoa darasa nje, akawapanga mbele ya ukuta mrefu wa ghala la mpunga, akawaambia wapige makofi na kusikiliza. Sauti ilikwenda ikarudi. Akawaambia ukijua kasi yake na muda iliotumia, unajua ukuta uko umbali gani, hata ukiwa gizani, hata usipouona. Watoto walipiga makofi wakichezacheza. Klementina alibaki amesimama, mikono imeganda. Ile ndiyo ilikuwa habari ya kioo. Alimfuata Gladness, akamuuliza kama ndivyo inavyokuwa tumboni. Gladness alisema ndivyo, ila sauti yenyewe ni ya juu mno sikio haliisikii. Ni siku hiyo pekee ambayo Klementina anakumbuka kumwona akitabasamu.

Mtihani aliufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, pamoja na watu wa kila namna: askari mmoja aliyekuwa amemaliza mkataba wa kujitolea jeshini Chita, mama muuza samaki, na kijana aliyesinzia. Matokeo yalipotoka alipata C. Alipiga simu Nyanda za Juu Kusini, akapokea yuleyule mama mwenye mafua, akamwambia, "Nimepiga tena."

Kule baridi ilimtesa na wodi ikamchosha kama alivyoahidiwa. Alikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wenzake wengi, na alikuwa na tabia iliyowaudhi baadhi ya wakufunzi: alipoulizwa kama ameelewa na hakuelewa, alisema hapana, hata kipindi kikiwa kimeisha na watu wanataka kwenda kula. Mkufunzi mmoja alimwambia anachelewesha darasa. Alijibu kwamba anajua, na akarudia swali lake.

Likizo ya mwaka wa tatu alikuwa nyumbani kuvuna. Wakati huo wakaguzi walikuwa wamekuja hatimaye, na chumba cha mashine kwenye kliniki ya Dokta Egidius kilikuwa kimepigwa lakiri mpaka apatikane mtaalamu aliyesajiliwa. Jioni moja Dokta mwenyewe akaja Kivukoni, na mkate na sukari kwenye mfuko. Alikuwa amezeeka. Alimsalimia Mariana vizuri, akamsifu Nelly kwa kukua, akakaa kwenye kigoda, akapewa chai. Alisema yaliyopita yamepita. Klementina akimaliza na kusajiliwa, chumba ni chake, apange mwenyewe saa zake na wagonjwa wake. Mji una uhaba, yeye anajua. Akina mama wanateseka.

Klementina alimsikiliza mpaka mwisho. Alikiri kwamba ni kweli, uhaba upo na akina mama wanateseka.

"Nitakuja, Dokta," alisema. "Wewe kwanza vuka daraja uende kwa Masanja. Kaa na Nyamizi, umwambie kwamba hakuna aliyemshauri aende hospitali, wala yeye hakukataa. Mwambie mbele ya watu wa kwao, maana ulishawaambia wengi kwamba alikataa. Ukitoka huko, nakuja kazini kwako."

Dokta Egidius alitazama mikono yake. Alisema mambo mengine hayana faida kufukuliwa. Klementina alimwambia basi asipoteze chai, inapoa. Dokta aliimaliza, akaaga, akaacha mkate na sukari, na Mariana akampelekea vyote mpaka kwenye pikipiki.

Dokta hajaenda ng'ambo ya mto hadi leo. Klementina amemaliza, amesajiliwa, na amepangiwa kituo cha afya cha serikali upande wa Mlimba, chenye mashine moja na foleni inayozunguka jengo. Mkuu wake wa kituo amemwita mara mbili kumwambia anatumia muda mrefu mno kwa kila mama, kwamba wengine wanamaliza wawili wakati yeye anamaliza mmoja. Mara zote mbili alijibu kwa adabu kwamba anaweza kuletewa msaidizi, au mashine ya pili, lakini muda haupunguzi. Mkuu amesema ataandika kwa wilaya. Klementina amemwambia aandike, na akamuuliza kama anaweza kuongeza kwenye barua hiyohiyo kwamba wanahitaji benchi zaidi, kwa sababu akina mama wanasubiri wamesimama.